Samli ya Mwalimu Klaudia

Mwaka ule wa sabini na tatu kila mtu mzima wa Kamachumu alitakiwa kujua kusoma, apende asipende. Asiyefika darasani jina lake lilisomwa kwenye mkutano wa hadhara, na wanaume wengi waliona heri kubanana kwenye madawati ya watoto kuliko kusomwa majina mbele ya wake zao. Walikwenda kwa kununa. Wanawake walikwenda kwa furaha, na furaha hiyo, tusidanganyane, haikuletwa na herufi. Walikwenda kuutazama uso wa Mwalimu Klaudia.

Uso ule ulikuwa habari ya kijiji. Klaudia alikuwa na miaka thelathini na sita na watoto wanne, lakini ngozi yake ilikuwa laini kuliko ya watoto aliowafundisha asubuhi. Tena alikuwa mweupe. Miaka miwili nyuma alikuwa mweusi kama kaka yake Clavery, mweusi wa ukoo wao wote. Kisha akaanza kung'aa kidogo kidogo, kwanza paji la uso, halafu mashavu, mpaka shingo. Vifundo vya vidole tu ndivyo vilivyokataa. Vilibaki vyeusi, na yeye alivipaka vumbi la chaki kila alipoingia darasani, akijifanya amechafuka kwa kazi.

Kitabu cha kisomo kilifundisha namna ya kupalilia migomba, jambo ambalo wanawake wale walilijua kabla hawajang'oa meno ya utoto. Walisinzia. Siku moja, katika zamu ya wanawake, wifi yake Jovita, mke wa Clavery, alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, migomba tumeichoka. Tuandikie kitu ambacho hatukijui. Tuandikie unapaka nini."

Darasa zima likaamka. Klaudia alicheka, akageukia ubao, na kwa sababu sifa ni tamu na yeye alikuwa na njaa nayo, akaandika orodha. Alisema ataanza na ya mwisho, apande mpaka ya kwanza, na kwamba hatasema neno la kusikia kwa watu. Yote aliyajaribu kwenye ngozi yake mwenyewe, na yote ni ya bei ambayo mkulima anaimudu.

Ya tano ilikuwa mafuta ya mnyonyo. Hayagharimu kitu, alisema, lakini yananuka, na siku nzima nzi watakuona wewe ndiye rafiki yao. Ya nne, gliserini. Tone moja kwenye maji linatosha. Ukizidisha unanata, na vumbi lote la barabara ya Muleba linakuwa mali yako. Ya tatu, mafuta ya mgando ya kopo. Hayo ni mazuri kwa visigino na midomo, ila ukiyapaka usoni ukaenda shamba saa sita utajikaanga. Ya pili, mafuta ya nazi. Hayana kosa, kosa ni la duka la ushirika, linaloyaleta mara moja kwa mwaka, na kosa la baridi ya Kamachumu inayoyagandisha ndani ya chupa mpaka uyaanike juani, wewe pamoja nayo. Wanawake walicheka mpaka wakapigana mabega.

"Na ya kwanza," akasema Klaudia, "ni samli ya ng'ombe. Ile ya Mama Kokushubila, iliyotulia na kufukizwa vizuri. Ndiyo niliyoanza nayo, ndiyo ninayopaka mpaka leo." Akaandika chini kabisa sentensi ya zoezi, na wanawake ishirini na saba wakaisoma kwa pamoja, silabi kwa silabi: Mwa-li-mu a-na-pa-ka sa-m-li. Kisha wakainakili kwenye madaftari yao. Klaudia alipita katikati ya madawati akisahihisha mwandiko, na kila alipoiona sentensi ile alijisikia vibaya kidogo, kisha akazoea.

Maana sentensi ile ilikuwa nusu tu ya ukweli, na nusu nyingine ilinunuliwa Kashai. Pale Bukoba mjini, katika vyumba vya kupanga vya Kashai, alikuwepo mwanamke aliyeuza dagaa mlangoni na vitu vya magendo kutoka Uganda chumbani. Klaudia alinunua kwake vikopo vidogo vya waridi vya krimu iliyoitwa Lulu. Alivileta Kamachumu chini ya madaftari ya shule, akaichota ile krimu na kuikoroga na samli ndani ya kibuyu, nusu kwa nusu. Alifanya hivyo ili mumewe asisikie harufu, kwa sababu mumewe, Rugemalira, alikuwa katibu wa TANU wa tawi, na katika mikutano yake hakukosa kusema kwamba mwanamke anayejichubua amebeba ukoloni usoni. Akisema hivyo humtazama mkewe kwa majivuno, kama mfano wa mwanamke aliyeng'arishwa na ng'ombe wa nyumbani. Klaudia aliinamisha uso wakati huo, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Alianzaje? Kwa picha. Walipigwa picha kwenye arusi moja huko Bukoba, na iliporudi kutoka kwa mpiga picha Klaudia hakuonekana, palikuwa na gauni jeupe na meno. Watu waliipokezana wakicheka. Rugemalira naye alicheka, wala hakuwa na ubaya, alimcheka mkewe anayempenda. Lakini Klaudia hakuwahi kuisahau picha ile, na safari iliyofuata ya Bukoba aliulizia nyumba ya yule mwanamke wa dagaa.

Mwezi wa saba, Verdiana, binti wa kwanza wa Clavery na Jovita, akachumbiwa na Nathanael wa Kahororo, kijana karani mwenye baiskeli mpya na adabu ya zamani. Tangazo likasomwa kanisani Jumapili ya kwanza, na katika ukoo wao tangazo likishasomwa binti huwekwa ndani. Hatoki, haonwi na wageni, hasikiki sauti yake uani. Anakula, analala, anapakwa mafuta mwili mzima asubuhi na jioni karibu na moto, mpaka siku ya arusi anapotoka aking'aa. Na mkono wa kumwosha na kumpaka ni mmoja tu, wa shangazi yake, dada wa baba. Mama mzazi hata hagusi. Kwa Verdiana mkono huo ulikuwa wa Klaudia.

Jovita alikuja na daftari lake kwapani, na wanawake watatu wa darasani nyuma yake.

"Wifi," akasema, "nimekuja kuchukua namba moja."

Klaudia akasema watapeleka watu kwa Mama Kokushubila, yule kikongwe mwenye samli, wakanunue.

"Tumetoka huko. Ng'ombe wake ana mimba, amekauka. Bibi wa watu amebaki na kidogo cha kupaka magoti yake. Samli ya kutosha iliyobaki kijiji kizima ni hiyo yako." Jovita akafungua daftari, akaweka kidole chini ya maneno aliyoyaandika mwenyewe. "Si umesema unaipaka mpaka leo? Mtoto ni wako. Nani mwingine atampa?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Klaudia alijua ndipo, na baadaye, kila alipoihesabu aibu yake, alianzia hapo, mlangoni kwake, saa tisa mchana, wanawake wanne wakimngoja. Angeweza kusema samli imeharibika. Angeweza hata kuangusha kibuyu. Lakini shangazi anayemnyima bibi arusi mafuta hajawahi kusikika, na wale watatu walikuwa wanamtazama usoni. Akaingia chumbani akakitoa kibuyu nyuma ya mlango. Alijiambia kwamba yeye mwenyewe anaipaka mwaka wa pili huu, na hajafa. Tena, na hili ndilo lililomchoma kuliko yote alipolikumbuka, alijiambia kwamba Verdiana naye ni mweusi sana, na kwamba akitoka ndani akiwa mweupe kidogo watu wa Kahororo watauliza ni kazi ya shangazi gani.

Siku nane alimpaka. Jioni na asubuhi alikaa naye kwenye nyasi laini zilizotandikwa sakafuni, moto ukiwaka pembeni, na kwa viganja vyake akamsugua mgongo, mikono, kifua, uso. Verdiana alikuwa binti wa miaka kumi na tisa mwenye maneno mengi, na kwa kuwa hakuruhusiwa kusema na mtu mwingine, yote alimwagia yeye. Alimwambia namna Nathanael alivyoandika barua mbili, ya kwanza kwa Kiingereza, kisha akaogopa akairudia kwa Kiswahili. Alimwambia kwamba Nathanael alimwona mara ya kwanza sokoni Muleba na kumsifu weusi wake. "Anasema nang'aa kama niliyeoga sasa hivi. Shangazi, mwanaume anaweza kusema vitu." Klaudia alicheka naye, na vidole vyake havikusimama.

Siku ya tano Verdiana alisema anawashwa. Klaudia akamwambia ni joto la moto. Siku ya saba alisema usiku hakulala. Siku ya tisa asubuhi Klaudia alipovuta shuka aliona mashavu yamevimba, mekundu, na mabegani ngozi imeanza kubanduka na kuacha mabaka yenye maji. Yeye mwenyewe kila siku alijipaka kidogo, usoni na shingoni, kwa ncha ya kidole. Mtoto alikuwa amepakwa kiganja kizima, mwili mzima, mara mbili kwa siku, tena mbele ya moto. Alijua palepale. Akafunika shuka, akatoka, akamwambia Jovita kwamba labda ni samli.

Tazama neno hilo lilivyokuwa dogo. Labda ni samli. Hakumtaja mtu. Lakini samli ilikuwa na mwenyewe, na kila mtu alimkumbuka: mwaka uliopita mjukuu wa Mama Kokushubila alileta posa kwa Verdiana, akakataliwa. Hadi jioni habari ilikuwa imekamilika bila msaada wa Klaudia. Kikongwe amefanya kitu. Ng'ombe wake wala hakukauka, alikuwa anaficha samli safi, ile mbovu ndiyo aliyoiuza. Watoto waliokuwa wakimchotea maji wakakatazwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mabaki ya samli ya kikongwe akayamwaga shimoni, mbele ya majirani, akanawa mikono.

Mganga msaidizi wa zahanati alitoa dawa nyeupe ya kupaka na kusema ngozi itapona, ila mabaka huenda yasiondoke. Kutoka Kahororo likaja neno la heshima lenye makali ndani yake: kama kuna ugonjwa katika nyumba hiyo, wakwe waambiwe mapema, kwa sababu arusi haijafungwa bado. Jovita aliacha kula. Clavery alikwenda kwa Datius, balozi wa nyumba kumi, akataka kikongwe aitwe, akiri, aondoke mtaa ule. Datius hakuwa mtu mbaya, ila aliogopa kuonekana amekaa kimya kuliko kukosea. Akaitisha kikao Jumapili baada ya misa, uani kwa Clavery.

Klaudia alikuwa na siku tatu kabla ya Jumapili. Alizitumia kuamka na nia ya kusema na kulala bila kusema. Darasani hakwenda, alisema anaumwa. Usiku mumewe alimwambia asijitese, si kosa lake kwamba aliamini samli ya mchawi, na akamshika shavu, lile shavu, kwa upole. Klaudia alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Jumapili asubuhi akajipaka samli ya kawaida aliyoomba kwa jirani, akaenda kwenye misa, na kwenye komunyo alibaki ameketi.

Uani kwa Clavery walikuja kama watu arobaini, wengi wao wale wale wa darasani. Rugemalira alikaa karibu na Datius, kwa sababu katibu hukaa mbele. Mlango wa chumba cha bibi arusi ulikuwa umerudishwa, wala haukufungwa, na kila mtu alijua Verdiana yuko nyuma yake anasikia. Mama Kokushubila alifika mwisho, peke yake, na chungu kidogo mkononi. Alikuwa mwembamba, miguu imepinda, na hakukaa kwenye kigoda alichopewa.

"Kasinge waitu," alisalimu. Wachache waliitikia.

Datius akasema maneno marefu, na maana yake ilikuwa aseme ametia nini kwenye samli.

"Maziwa," akasema kikongwe. "Yaliganda, nikayasukasuka. Chumvi sikutia. Kwa sababu gani nitie kitu? Mjukuu wangu amekwishaoa Nshamba, mke wake ana mimba. Mnadhani bado tunalia?" Akafungua chungu chake. "Hii ni ya magoti yangu. Ni ya ng'ombe yule yule, siku ile ile." Akachota kwa vidole vinne, akajipaka uso wote, na shingo, na mikono mpaka viwikoni, akawageukia upande huu na upande ule. Kisha akachota tena akala.

Clavery akasema, "Hiyo ni ya kwako. Tunasema ile uliyotuuzia."

"Ninyi sikuwauzia. Nilimuuzia mwalimu. Iko wapi? Ileteni."

Jovita akaingia ndani, akarudi na kibuyu. Kulikuwa na kiasi cha kiganja kilichobaki. Klaudia alikuwa amesimama nyuma ya wanawake, karibu na ukuta wa jikoni, na aliona mambo yote yanavyokwenda. Mama Kokushubila alinusa, akakunja uso, akanusa tena. Alikuwa anakamua ng'ombe tangu enzi za Wajerumani. Pua yake ilijua. Akainua macho akayapitisha polepole kwa watu, mpaka yakamfikia Klaudia, yakakaa hapo.

Pengine alikuwa anampa nafasi. Klaudia akatazama chini.

"Basi," akasema kikongwe, "kama ni samli yangu, hainidhuru." Akatia vidole ndani ya kibuyu, akachota yote, akaupeleka mkono usoni, karibu na macho.

"Usipake hiyo, mama."

Sauti ilitoka kabla Klaudia hajaamua. Watu wakageuka. Wanawake wa mbele wakampisha, na ghafla hapakuwa na mtu wa kujificha nyuma yake.

"Usipake. Si samli hiyo. Nusu yake ni dawa ya kujichubua. Niliitia mimi." Alisikia anasema polepole, kwa sauti ya darasani, ambayo ndiyo pekee aliyokuwa nayo. "Naipaka tangu mwaka juzi. Nilinunua Bukoba. Yale niliyowaandikia ubaoni ni uongo. Mama Kokushubila hana kosa, nilijua hana kosa, nikanyamaza."

Hakuna aliyemzomea. Ingekuwa afadhali. Jovita alikaa chini palepale aliposimama. Mama Kokushubila alijifuta vidole kwa jani la mgomba, kimoja kimoja, kwa uangalifu mkubwa, akachukua chungu chake, akaenda zake bila kumngoja mtu amwombe radhi. Rugemalira alikuwa anamtazama mkewe usoni, mashavu, paji, shingo, kama mtu anayesoma barua aliyofikiri ameielewa zamani. Kisha akatazama pembeni, mbele za watu, na Klaudia akajua kwamba hilo nalo atalibeba.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya mlango. Bibi arusi hasemi mbele za watu, na wote wakageukia mlango.

"Shangazi. Ulipokuwa unanipaka, ulikuwa unajua kilichomo?"

Klaudia angeweza kusema kwamba hakujua kama kitamdhuru. Ilikuwa kweli, karibu kweli. Lakini hakuulizwa hilo.

"Nilikuwa najua," akasema.

Datius alikohoa, akaanza kusema kikao kimefungwa, lakini ile sauti ikamkata.

"Basi ingia uniogeshe. Siku tatu hizi sijaogeshwa, mama haruhusiwi."

Hakukuwa na njia ya kukataa, wala ya kukubali. Clavery akasogea kumpisha, maana desturi aliijua yeye kama wote. Klaudia akavua viatu, akapita katikati ya watu arobaini, akachukua maji ya vuguvugu jikoni na kuingia.

Verdiana alikuwa amekaa kwenye nyasi, mgongo kwa mlango. Mabaka yalikuwa yameshuka mpaka kiunoni, mengine yamekauka, mengine mabichi. Klaudia alipiga magoti nyuma yake, akalowesha kitambaa, akaanza begani, kwa mkono ule ule, taratibu kadiri alivyoweza. Binti hakulia. Alishika magoti yake, akahema kila kitambaa kilipogusa. Klaudia alijikaza mpaka alipofika katikati ya mgongo, hapo alipopasugua kwa nguvu siku zile akisikiliza habari za barua, na hapo akashindwa.

"Shangazi," akasema Verdiana bila kugeuka, "usinidondoshee machozi. Yanachoma."

Klaudia akajifuta uso kwa mkono wa gauni, akasuuza kitambaa, akaendelea.